Kompyuta Kuu: Bomu Hulipa, Sayansi Husubiri Zamu

Marekani haijalipua bomu la nyuklia kwa majaribio tangu Septemba 23, 1992. Mabomu yenyewe bado yapo na yanazeeka, pamoja na viini vya plutoniamu vilivyomo ndani yake, ambavyo sehemu kubwa vilitengenezwa kabla kiwanda cha Rocky Flats, Colorado, hakijasimamisha kazi hiyo mwaka 1989. Utajuaje kwamba bomu la miaka arobaini bado ni zima bila kulilipua? Washington ilijibu kwa kununua kompyuta kuu za kuuiga mlipuko kwa hesabu. ASCI Red ya maabara ya Sandia ilikuwa ya kwanza kuvuka hesabu trilioni moja kwa sekunde. Mwaka 2008 Roadrunner ya maabara ya Los Alamos ikavuka trilioni elfu moja. Novemba 2024, El Capitan ya maabara ya Lawrence Livermore, California, ikashika namba moja duniani kwa kasi ya trilioni milioni 1.7. Zote tatu zilinunuliwa kwanza kwa ajili ya silaha.

Watetezi wa mpango huu wana hoja nzito. Kabla ya 1992 Marekani ilifanya majaribio zaidi ya 1,000, na waliokuwa wakiishi upande upepo ulikovumisha vumbi lenye mionzi ya nyuklia waliugua hadi Bunge likapitisha sheria ya fidia mwaka 1990. Kati ya mlipuko jangwani na hesabu ndani ya chumba chenye viyoyozi, sioni cha kubishania.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Kuacha kulipua si kupunguza silaha: kompyuta hizohizo zinasaidia kubuni kichwa kipya cha nyuklia, W93. Halafu kuna usiri. Livermore na Los Alamos hukaguana, ni kweli, lakini mwanasayansi wa nje hawezi kuigusa hesabu hiyo, na mlipakodi anabaki kuambiwa tu kwamba mambo ni shwari.

Na sayansi ya wazi inapata nini? Kabla El Capitan haijahamishiwa kwenye kazi za siri, watafiti walipewa nafasi ya kuitumia. Timu moja ilitumia chipu zake zaidi ya 43,000 kukokotoa mapema jinsi mawimbi ya tsunami yanavyozaliwa kwenye ufa wa Cascadia, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Kazi nzito ikafanywa mara moja. Baada ya hapo, tetemeko likitokea, kompyuta ndogo zaidi inaweza kupokea data za vihisio vya shinikizo vilivyo chini ya bahari na kutoa utabiri kwa muda usiofika sekunde moja. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Gordon Bell, ya juu kabisa katika fani ya kompyuta kuu, mwaka 2025. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Watafiti wa nje wakabakiwa na Tuolumne, mdogo wake El Capitan, wa ukoo uleule lakini mwenye nguvu kidogo.

Hapo ndipo wengi husema bila bajeti ya bomu sayansi isingeonja mashine ya namna hii. Mimi sikubaliani nao. Kompyuta ya Frontier ya maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ndiyo iliyotangulia kuvuka trilioni milioni moja, Mei 2022, nayo ni ya sayansi ya wazi: watafiti huomba muda na hushindanishwa. Ndiyo iliyotumika kuiga angahewa ya dunia nzima kwa vipimo vya kilomita tatu na ushei. Faida ya kweli ya ndoa hii ya bomu na sayansi ni manunuzi: Frontier na El Capitan zilitafutwa kwa mpango mmoja na kujengwa na kampuni zilezile, hivyo gharama za kubuni zikagawanywa.

Usalama wa taifa una bei nyingine pia. Mwaka 2015 Marekani ilizuia chipu za Intel zisiende kwenye vituo vya kompyuta kuu vya China. Mwaka uliofuata China ikaibuka na Sunway TaihuLight, yenye chipu zake yenyewe, ikawa ya kwanza duniani. Zuio halikuzuia kitu, ila kila upande umezidi kuficha kazi yake.

Ningependa kipindi cha wazi cha kila mashine ya silaha kiandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kununua, kwa idadi ya saa, badala ya kuwa hisani ya wakati mitambo inajaribiwa. Wakuu wa silaha watalalamika kwamba kila mwezi wa wazi unakata kazi yao. Ni kweli unakata, lakini plutoniamu huzeeka polepole kiasi cha kuweza kusubiri miezi michache.