Mteja haangalii ramani, anaangalia umeshuka kwenye nini

Mimi kazi yangu ni kujenga nyumba za watu hapa Dar. Nachora ramani, nasimamia saiti, nanunua nondo kwa bei ambayo mwenye nyumba angeenda mwenyewe angepigwa mchana kweupe. Chuo nimesoma na cheti ninacho, kimekaa kwenye bahasha ya kaki nyuma ya siti ya dereva, na tangu nianze hii kazi hajatokea mteja hata mmoja akaniambia hebu nikione. Wao wanasubiri kwenye kiwanja wamesimama, mikono kiunoni, wanaangalia barabarani fundi anatokea na nini.

Mi natokea na Vitz.

Na sio Vitz ya juzi, ni namba C, wakati watu wako namba E huko na wanaringa. Rangi yake silva, japo upande wa kushoto imeshaanza kuwa rangi nyingine ambayo kwenye kadi haijaandikwa. Injini cc 990, piston 3, na bampa la mbele nimelishona mwenyewe kwa waya wa kufungia nondo, limenyooka, ukiangalia vizuri hata hilo bampa ni tangazo la kazi yangu ila watu hawaoni hivyo. Halafu hii gari inaonewa tu jamani. Toleo la kwanza lilipotoka Japani 1999 Wazungu wakaliita Yaris, na hiyo Yaris ikabeba tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya, mwaka 2000. Ulaya nzima! Sasa nenda kamwambie hivyo mteja wa Goba ambaye amekuona unapanda kilima chake kwa gia ya kwanza umezima na AC ili gari ipate nguvu.

Ngoja niwape kisa cha Mlimani City. Kuna jamaa mmoja alitaka ghorofa, sio nyumba ya kawaida, ghorofa, tukapanga tukutane pale maegesho saa 10 jioni tuongelee ramani. Nimefika mapema, nimevaa shati nililopigiwa pasi, ramani imekunjwa vizuri kwenye siti ya mbele. Nimekaa ndani nasubiri mara mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na mifuko minne ya sokoni, akajifuta jasho, akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikashuka chenyewe, akasema "Tegeta Kibaoni baba, na uwashe AC." Nikamwambia mama mimi sio Bolt. Akaangalia simu yake, akaangalia kichwa changu kwa nyuma, akasema "Vitz silva. Ni wewe." Sasa tuko kwenye ubishi huo, yeye ananionyesha simu mi namwonyesha ramani, mara nasikia kioo kinagongwa, mteja wangu wa ghorofa huyo hapo. Ameinama. Ameona mifuko. Ameona mama. Akatabasamu lile tabasamu la huruma, akaniambia "Maliza kwanza kichwa chako fundi, tutaongea siku nyingine." Akaondoka na Crown yake, na hiyo siku nyingine haijawahi kufika mpaka leo.

Yule mama nilimpeleka. Ndiyo. Alinipa 12,000 na akasema naendesha vizuri.

Lakini na mimi nisijifanye mtakatifu. Nilipotaka kupima kiwanja changu mwenyewe, kale kadogo kako huko Kibaha, walikuja wapima wawili kwa siku tofauti. Wa kwanza alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba kifaa chake mgongoni, anaongea taratibu, nikasema moyoni huyu hapana, mpima gani huyu. Wa pili alikuja na Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, akashuka na miwani, hata jua hakulikanyaga vizuri, nikampa kazi hapo hapo na advansi juu. Mpaka leo bikoni yangu moja, ile alama ya mpaka wa kiwanja, iko ndani ya banda la kuku la jirani. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nililiona tako lake nikadanganyika.

Kwa hiyo najua wateja wanachofikiria. Fundi akiwa na gari bovu inamaanisha hapati kazi, na asiyepata kazi inamaanisha hajui kazi. Haimaanishi ana watoto watatu shule na mama yake mzazi anadaiwa bili ya maji, hapana, ni kwamba hajui kazi. Na bei inakatwa kulingana na gari. Nikitaja milioni 6 ya usimamizi, mtu anaangalia Vitz, anaangalia bampa, anasema "milioni 2 na nusu." Yani kama vile ananunua hiyo Vitz.

Basi mke wangu akaniambia acha kulia, azima gari. Shemeji yangu, kaka yake yeye, ana Prado, na alikuwa anaenda Dodoma kikazi wiki nzima, na tangu hii treni ya SGR ianze safari za Dodoma 2024 huyu bwana hapeleki tena gari kule, analiacha limefunikwa turubai kama maiti. Nikaomba. Akanipa, na masharti 14, la kwanza nisibebe saruji.

Jamani. Siku ya kwanza tu nilijua nimekuwa nikiishi maisha ya mtu mwingine. Trafiki ambaye kila wiki ananisimamisha na Vitz, anauliza zimamoto, anauliza triangle, anazunguka gari kama anataka kulinunua, mpaka apate kosa la 30,000, siku hiyo alinipigia saluti. Saluti! Na nilikuwa sijafunga mkanda. Askari wa getini kule Masaki, ambaye mwezi mmoja nyuma aliniambia "Bolt wanashushia nje", safari hii alifungua geti kabla sijapiga honi na hakuuliza naenda kwa nani. Ningeweza kuwa mwizi. Na jina likabadilika. Miaka yote mi ni "fundi". Kwenye Prado nikawa "injinia". Mmoja akaniita "mheshimiwa" na sikumkosoa kwa sababu nilikuwa sijui gari linazimwaje, nilikuwa natafuta kitufe.

Mteja wa kwanza wa Prado, mama mmoja wa Mbezi Beach, nikamtajia milioni 6 ile ile. Hakukata hata mia. Akatingisha kichwa, akasema sawa injinia, nitakupigia. Nikarudi nyumbani naimba. Hakupiga. Nikapiga mimi baada ya siku tatu, akaniambia kwa adabu kabisa, "Unajua kaka, nimeona wewe kazi zako ni za watu wakubwa, mi natafuta mtu wa kawaida kawaida, hata kama ana kigari chake kidogo." Mama! Kigari kidogo ninacho! Kiko nyumbani kimepaki chini ya mwembe! Lakini utamwambiaje mtu hivyo.

Na hasara nyingine zikaanza kuja kwa mstari. Saidia fundi wangu, vijana wale ambao nimewazoea, waliponiona nashuka kwenye Prado walisimama na makarai kichwani wakaangaliana, jioni wakanifuata watatu, msemaji wao akaanza "Bosi tunaona mambo yamekaa vizuri, na sisi mtuangalie." Wakataka nyongeza ya 5,000 kwa siku. Mwenye duka la hadiwea ambaye hunipunguzia, akagoma kupunguza, akasema mimi ndo nimpunguzie. Na mafuta, aisee, tusiongelee mafuta. Ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya mi na Vitz huwa hatushtuki sana, tunaweka 20,000 tunazunguka siku mbili, ila hii Prado nimeiwekea 50,000 Mwenge, nikafika Bunju mshale unaniangalia kama haujala tangu juzi.

Bunju ndo kwa Mwalimu sasa. Hapo ndo penyewe.

Mwalimu ni mstaafu, alikuwa anafundisha hesabu sekondari, anajenga kwa kiinua mgongo, na mtu anayejenga kwa kiinua mgongo, hasa hiki cha enzi za kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya wastaafu, usicheze naye. Ana kaunta buku. Kila mfuko wa saruji ulioingia saiti umeandikwa, tarehe, nani kashusha, na kama mfuko ulikuwa na tundu. Tumekaa naye vizuri miezi saba, ananipenda, ananiletea mihogo. Sasa mi nikafika pale na Prado bila kufikiria, nimejisahau, nikashusha kioo nikasema shikamoo Mwalimu.

Shikamoo yangu hakuijibu. Aliangalia tairi. Akazunguka mpaka nyuma, akaangalia tairi ya akiba. Akavaa miwani. Akafungua kaunta buku ukurasa wa mwisho, akavuta kistuli, akakaa, akaanza kuandika. Mi nimesimama pale kama mtahiniwa. Baada ya muda akauliza, "Gari kama hili si chini ya milioni 60?" Nikasema Mwalimu sio langu hili, la shemeji. Akasema "Sijauliza la nani." Akaandika. "Mfuko wa saruji 16,000. Milioni 60 gawanya kwa 16,000." Akapiga mstari mara mbili chini ya jibu akanigeuzia buku nione. 3,750. "Mifuko 3,750," akasema, taratibu, kama anamsomea mwanafunzi aliyefeli.

Nikaona hapa nitumie hesabu na mimi. Nikamwambia Mwalimu, nyumba yako kuanzia msingi mpaka lenta imekula mifuko 310, imo humo humo kwenye buku lako. Tuseme nimekuibia yote, hii nyumba nimeisimamisha kwa mate, si ni 4,960,000 tu? Hiyo hata kulitoa bandarini hili dude haitoshi, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18 inapigwa juu ya huo mzigo wote, na gari likishazeeka kuna ushuru mwingine wa uchakavu, Mwalimu, wizi wako hautoshi! Nilikuwa nimefurahi kweli, nikajua nimemshinda.

Mwalimu akavua miwani. Akaniuliza, "Kwani saiti unazo ngapi?"

Nikanyamaza. Ninazo nne, na yeye anajua.

Kesho yake nimefika namkuta na futi kamba anapima nafasi kati ya nondo kwenye boksi la nguzo. Keshokutwa kaleta kijana wa dada yake analala saiti. Fundi wangu wa kupaua akipiga msumari, kijana anahesabu. Siku ya tatu nikaitwa nije na risiti zote tangu msingi, na zingine mvua ilishazifuta zimebaki karatasi nyeupe, nazo akaziandika, "risiti nyeupe, 6".

Shemeji alivyorudi kutoka Dodoma nilimpelekea gari lake mwenyewe saa 12 asubuhi, hata chai sikunywa, nikapanda Vitz yangu. Iligoma kuwaka mara mbili, ya tatu ikawaka, na nilikuwa karibu nilie kwa furaha. Nikaenda nayo moja kwa moja Bunju. Nilipiga honi tangu kona ya mbali ili Mwalimu asikie ni honi gani. Akatoka. Akaiona. Uso wote ukalainika, akasema "Marahaba!" wakati hata sijaamkia, nafikiri ilikuwa ni ile ya wiki iliyopita. Akaita mkewe alete mihogo. Akaizunguka Vitz anaipigapiga bodi kama mtu anayemkaribisha mtoto aliyepotea, anacheka, "Hii ndo gari yako fundi, hii hii", mpaka akafika mbele. Akasimama. Akainama kwenye bampa.

"Hii waya ya kufungia nondo," akasema, "imetoka wapi?"

Mi nikaangalia bampa, nikaangalia mihogo, mkewe ameshika sahani. Nikasema Mwalimu, hayo ni mabaki tu. Akachukua kaunta buku. Akaandika: waya, robo kilo, bampa.

Sasa juzi hapa Jumamosi nimepigiwa na namba ngeni. Mtu anasema amepewa namba yangu na watu wawili tofauti, anataka kujenga Goba, kule juu juu kabisa ambako lami imekata tamaa, ila amechanganyikiwa kidogo, mmoja kamwambia ni injinia ana Prado na mwingine kamwambia ni fundi ana Vitz imeshonwa, na namba ni ile ile. "Sasa samahani, naongea na yupi?"

Nikachungulia dirishani. Mvua ya masika ilikuwa inashuka tangu alfajiri, na najua kile kilima cha Goba kikilowa kinakuwaje.

Nikamwambia hao wote wawili wamesafiri, anakuja yule wa bodaboda.