Nilivyoagwa Kwenda Doha Nikaishia Boma Ng'ombe

Kwetu Kibosho, mtu akipata kazi nje ya nchi huundiwa kamati kabla hajamaliza kuusoma mkataba wake. Mimi nilikuwa nimehitimu uhasibu katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, nikazungusha bahasha kwa muda mrefu kiasi cha kufahamiana na walinzi wa mageti yote ya maana kati ya Moshi na Arusha, na nilikuwa nimeshajikalia zangu kwenye kibanda cha M-Pesa cha binamu yangu pale Mbuyuni, ndipo hoteli moja ya Doha iliponihoji kwa njia ya video na kunipa nafasi ya mhasibu msaidizi. Pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, pamoja na kuthibitisha vyeti na kupima afya, niliyagharamia mwenyewe. Viza na tiketi ya ndege vilikuwa juu ya mwajiri, na jambo hilo nilimweleza baba mdogo kwa nia njema kabisa. Katika hesabu zangu mimi, maana yake ilikuwa kwamba hakuna haja ya kumsumbua mtu. Katika hesabu za baba mdogo, maana yake ilikuwa kwamba michango yote itakayopatikana ni ya sherehe.

Alijiteua kuwa mweka hazina, akafungua kundi la WhatsApp, na kila asubuhi akawa anaweka orodha ya waliotoa, waliopunguza ahadi na wale aliowaita, kwa herufi kubwa, "NDUGU ZETU WANAOTAFAKARI". Mwaka huo wa 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, kwa hiyo ilibidi niagwe Jumapili iliyotangulia, kwa kuwa hakuna Mkatoliki wa Kibosho atakayethubutu kukata ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, hadharani wakati wa Kwaresima. Niliagwa kwa turubai, mshereheshaji, ndafu aliyewekewa majani mdomoni kama ilivyo ada, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo wazee waliisifia hadi usiku. Bibi aliniita pembeni akanipa jani la sale alilolichuma mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Kwa Wachaga, anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. "Ukikosana na mkubwa wako wa kazi huko, mpelekee hili," alisema. Nililitia kwenye mkoba wangu wa mkononi, nikiwaza jinsi meneja wa rasilimali watu wa hoteli ya nyota tano atakavyopokea jani bichi.

Siku ya safari ilikuwa Ijumaa. Coaster iliyokodiwa ilijaa kwaya, majirani na wanakamati, na kwenye kioo cha mbele baba mdogo alikuwa amebandika bango lenye picha yangu ya mahafali na maneno SAFARI NJEMA DADA YETU. Tulipofika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, waliniombea maegeshoni, wakaimba, wakalia, wakanikumbatia mmoja mmoja kwa zamu iliyosimamiwa na shangazi. Mama alilia hadi baba mkubwa akaona ni heri amrudishe nyumbani mapema kwa gari lake. Nilipita mlango wa wasafiri nikisukuma mabegi mawili yaliyojaa unga, dagaa, ndizi zilizokaushwa na kahawa ya zawadi kwa bosi, nikageuka kuwapungia mkono, na Coaster ikaondoka ikipiga honi.

Kaunta ya ukaguzi wa tiketi ndiyo iliyonikatisha. Yule dada alitazama kompyuta, akatazama pasipoti yangu, akatazama kompyuta tena, kisha akaniambia kwa upole mkubwa kwamba tiketi yangu ilikuwa imefutwa jana yake na yule yule aliyeinunua. Nilipiga simu Doha. Simu iliita, ikaita, ikakata. Qatar mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na kwa sababu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ambapo sheria yao ya kazi inapunguza muda wa kazi kutoka saa 48 kwa wiki hadi 36, hao watu wa ofisini walikuwa wamefunga madaftari yao Alhamisi mapema na kwenda kufuturu, wakiniacha mimi na dagaa wangu chini ya ubao unaoonyesha ndege zinazokwenda kwingine.

Madereva wa teksi walinitajia bei ya mtalii, jambo ambalo siwalaumu, kwani nilivyokuwa nimevaa nilifanana na mtalii. Wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu walinionea huruma wakanisogeza hadi njia panda, na pale nikapanda daladala ya kurudi Moshi, begi moja miguuni kwangu na jingine miguuni kwa mzee mmoja ambaye hakuacha kunong'ona kuhusu harufu.

Daladala ilisimama Boma Ng'ombe kupakia abiria. Nilipochungulia dirishani, nilijiona. Nilikuwa natabasamu katika joho la mahafali, kwenye kioo cha Coaster iliyoegeshwa mbele ya bucha maarufu la nyama choma, na chini ya picha yangu alikuwa ameketi dereva wetu, Mwislamu, amekunja mikono, anasubiri magharibi.

Nilishuka. Wengine wangepita kimya, lakini mtu aliyetoka kuachwa na ndege hana moyo wa kuachwa pia na Coaster yake mwenyewe. Niliingia ndani nikiburuta mabegi, na huko nikakuta salio la michango likiliwa. Kulikuwa na sinia mbili za mbavu, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili, na kuzizunguka walikaa mwenyekiti wa kamati, nusu ya kwaya, katekista wa kigango chetu, na shangazi, kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambaye siku chache tu kabla alikuwa ametukumbusha mbele ya jumuiya nzima kwamba Ijumaa za Kwaresima nyama haiguswi. Shangazi alikuwa ameshika ubavu kwa mikono miwili, mafuta yakimtiririka hadi kwenye saa yake. Hakuushusha. Nadhani mikono iligoma.

Baba mdogo ndiye aliyetangulia kupata sauti. "Ndege imeanguka?" akaniuliza.

Nilipoeleza habari ya tiketi, hakuna aliyenisikiliza sawasawa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatafuta maelezo yake mwenyewe. Katekista alisema yeye alikuwa amekula kachumbari tu, na mifupa iliyokuwa mbele yake aliisukuma taratibu kuelekea kwa mwenyekiti. Shangazi alimeza, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge, akatamka kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya kigango: "Msafiri hafungi."

Kutoka dirishani, dereva, ambaye naye alikuwa safarini na bado amefunga, alimjibu bila kugeuza kichwa. "Mama, ruhusa hiyo ni ya kwetu."

Hapo shangazi alifanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mtu mwingine. Aliuvuta mkoba wangu, akapekua, akalitoa lile sale la bibi, likiwa limenyauka kidogo kwa joto la KIA, akaninyooshea kwa mkono wenye mafuta. Nililipokea, ningefanya nini? Makubaliano yalipatikana palepale: mimi sikuona nyama, wao hawakuniona mimi, na hadi mambo ya Doha yatakapoeleweka nitakaa kimya nyumbani kwa shangazi, Majengo, ambako watu wa Kibosho hawafiki ovyo. Mama aliambiwa usiku kwa simu. Baba mdogo aliongeza kwamba kwa upande wa hazina hakuna kilichoharibika, maana kundi lilichangia niagwe, na kuagwa niliagwa.

Ofisi ya Doha ilijibu Jumapili. Waliandika kwa heshima zote kwamba wafanyakazi wapya wameahirishwa hadi baada ya Idi, tarehe mpya ingefuata pamoja na tiketi nyingine, na kweli ilifuata. Mapema Aprili niliondoka kwa daladala, na aliyenisindikiza ni mama peke yake. Lakini kabla ya hapo nilikuwa na kazi ya kuwa Doha nikiwa Majengo. Kazi hiyo ilinirahisikia kuliko nilivyodhani, kwa kuwa saa za Doha na za Moshi ni zile zile, hivyo salamu zangu za asubuhi hazikumshangaza mtu. Shangazi alinipiga picha mbele ya ukuta mweupe wa sebule baada ya kuondoa kalenda ya parokia. Kule kigangoni alitoa salamu zangu, akasema nimefika salama ila nalalamikia joto, na katekista akaitikia "Amina" kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Kilichotushinda ni masika. Jioni moja ya mwisho wa Machi binamu yangu wa Mwanza, aliyechanga kuliko wote na ambaye hakuwahi kuwekwa kwenye orodha ya wanaotafakari, alinipigia kwa video, nami nikapokea mbele ya ukuta wangu mweupe. Tulikuwa bado kwenye salamu mvua ilipoangukia bati la shangazi, ile mvua ya Moshi isiyopiga hodi, na ikabidi tuanze kupayuka. Binamu yangu ni mwalimu wa jiografia, na anajua kwamba mvua ya Doha ya mwaka mzima haifiki milimita 100.

"Mbona huko kunanyesha hivyo?" akauliza.

Shangazi, aliyekuwa amejibanza pembeni ya kamera akikunja nguo, akadakia kwa sauti ya mtu baki: "Hicho ni kiyoyozi!"

Binamu alinyamaza kidogo, akasogeza sikio lake karibu na simu. "Na hicho kiyoyozi chenu," akasema, "kina radi?"