Habari kamili ya kiboko, mimi na taulo

Najua yule rafiki yangu fundi wa simu ameshawapa yake. Eti nililia nikimwita mama. Sikulia. Mama nilimwita, ndiyo, lakini kwa sauti ya kawaida.

Wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, mnajua viboko hutoka ziwani usiku kuja kula nyasi, na maji yalipopanda 2020 walitusogelea zaidi. Ndiyo maana Dani (yaani nyanya, kwa Kijaluo) wa nyumba ya mwisho hataki geti la chini lifungwe: kiboko akiingia, apate pa kutokea. Huyu Dani ndiye anayetuhesabia mitungi mferejini na kunyang'anya watoto mpira. Salamu yangu hajawahi kuitikia. Jioni ile keyateka alipolifunga geti kwa waya, Dani alimtukana mpaka ploti nzima ikatoka kutazama. Tulicheka sana.

Saa tisa usiku natoka chooni, taulo kiunoni. Nasikia kutafuna. Namulika na simu: kiboko, katikati ya sukuma wiki ya Dani. Nilivyofika juu ya tangi sijui. Taulo halikufika. (Wewe unayecheka, kiboko anakushinda mbio, tena mbali.)

Mlango wa Dani ukafunguka. Leso, tochi, basi. Akafuata ukuta polepole, akikohoa makusudi ili mnyama ajue aliko. Akafika getini, akaanza kuufungua ule waya kwa vidole vyake vya baridi yabisi. Mzunguko mmoja, anapumzika. Wa pili, anapumzika. Kiboko akaacha kutafuna. Masikio yakageuka. Huko juu nilisali hadi Kihindi cha sinema. Mikono ya Dani ilikuwa inatetemeka, niliiona kwenye mwanga wa tochi, lakini haikuuachia waya. Ukaanguka. Akalivuta geti, akajibanza nyuma ya nguzo, akazima tochi. Lile jitu likapita pale pale alipo, tumbo likikwaruza nguzo, likaenda zake ziwani.

Tochi ikawaka tena. Juu yangu. Ikakaa hapo zaidi ya ilivyohitajika.

"We kijana. Hayo ni maji ya kunywa."

Milango ikafunguka yote, fundi mbele na simu yake. Picha mmeona.

Asubuhi nikampelekea sukari kilo mbili. Akapokea, asante hakuna, akanipa brashi nikaoshe tangi. Na sukuma wiki nitalipa mimi, kwa sababu kiboko hana M-Pesa.