Maji Nimeyavulia Nguo

Ndiyo kwanza narudi nyumbani, taulo begani, nywele kavu, miguu inachuruzika. Msinisemeshe kwanza.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wahenga hawakuwa na kamati ya wakazi. Mimi leo maji nimeyavulia nguo, nimesimama pembeni yake nusu saa nzima na kaptula na barakoa, majirani wa ghorofa zote wananitazama kama bidhaa ya mnada, na kuyaoga nimeyaogea kiunoni. Kiunoni tu. Kwa mujibu wa sheria ya 9, ya 10 na ya 11, zikisomwa kwa pamoja.

Tangazo lilipitishwa chini ya mlango wiki iliyopita: kamati ina furaha kuwafahamisha wakazi kwamba huduma za pamoja zinafunguliwa kwa awamu. Neno "awamu" mnalijua, tumekula nalo na kulala nalo tangu korona ilipotufungia Machi 2020. Awamu ya kwanza ikawa ukumbi wa mikutano. Nani alikuwa analilia ukumbi wa mikutano? Kamati. Bembea za watoto ziko awamu ya nne. Jimu imefunguliwa, vyuma vinapanguswa kila baada ya dakika 15 mpaka rangi inabanduka, na madirisha yamefungwa kabisa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke nje. Lifti ni watu wawili, kila mmoja atazame ukuta wake. Chumba cha kufulia sikizungumzii, mke wangu kanikataza.

Mimi nilikuwa nasubiri bwawa. Miezi 14 tumelipa ada ya kulitunza huku tukilitazama dirishani, limetulia, majani yanaelea juu yake kwa raha zao, wala hayalipi ada.

Kupata zamu ni kazi ya pili baada ya kazi yako. Watu sita, dakika 40, unajiandikisha kwa simu saa 12:00 kamili asubuhi. Saa 12:00 na sekunde nne, zamu zimekwisha. Kuna bwana mmoja wa ghorofa ya pili anapata kila siku, na kuogelea hajui, anakaa kwenye ngazi ya kwanza akilowesha visigino. Siku ya tano na mimi nikabahatika: saa 4:00 hadi 4:40. Nikampigia kelele mke wangu kama niliyepata kiwanja.

Sasa, vyumba vya kubadilishia nguo bado vimefungwa, kwa hiyo tangazo linasema mkazi "aje akiwa tayari". Tayari! Mtu mzima, mwenye wakwe, anashuka ghorofa tano na kaptula na taulo. Lifti ikasimama ghorofa ya tatu, akaingia yule mama wa pale, ambaye miaka yote tumeheshimiana, mimi na shati la mikono mirefu, yeye na kitabu chake cha dua. Nikamwamkia. Akaitikia. Kila mmoja akautazama ukuta wake. Ile sheria ya lifti niliyokuwa naicheka, nikaiombea dua.

Getini kwa bwawa mlinzi akanilenga kipimajoto kwenye paji la uso. Kikasoma 33.6. Kwa joto hilo nilitakiwa niwe nimelazwa, nimefunikwa blanketi tatu, ndugu wameitwa. Akaandika daftarini "mzima", akanipisha.

Ukutani kuna kibao cha zamani: OGA KABLA YA KUINGIA BWAWANI. Chini yake karatasi mpya: MABAFU YAMEFUNGWA. Nikavipita vyote viwili kimyakimya, maana nilikuja na nia njema.

Pembeni ya bwawa kakaa katibu wa kamati. Mzee mstaafu, filimbi shingoni, faili mapajani, na mkononi fimbo ya urefu wa mita 2 aliyoipaka rangi nyeupe na nyekundu. Fimbo hiyo ni ya kupimia umbali. Taabu yake, mzee hasikii vizuri mtu akiongea ndani ya barakoa. Kwa hiyo anakupima kwanza kwa fimbo, anatosheka kwamba mko mbali, kisha anakusogelea mpaka puani ili asikie unachosema. Barakoa yake mwenyewe imekaa kidevuni, kwa sababu na yeye anataka asikike.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Zamu yako?"

Kijana. Upara wote huu.

Nikaonyesha simu, akaniweka tiki. Nikatundika taulo kwenye uzio, nikavua kandambili, nikavua barakoa.

"Vaa!"

Nikaivaa. Nikashika chuma cha ngazi, nikateremsha mguu wa kulia.

"Toka!"

Nikautoa. Mguu ule ulikuwa umeshaonja maji, ukawa unanilaumu.

Mzee akafungua faili. Sheria ya 9: mkazi atavaa barakoa muda wote awapo eneo la bwawa, mpaka atakapokuwa ndani ya maji. Sheria ya 10: ni marufuku kuingia ndani ya maji na barakoa. Akafunga faili, akanitazama kwa upole kama mwalimu aliyekwisha kufundisha, anasubiri mwanafunzi mwenyewe aelewe.

Jamani, sheria ya 10 siipingi. Barakoa ikilowa inagandamana na pua, mtu anazama kwenye hewa yake mwenyewe. Na ya 9 naielewa, watu hupumuliana pale nje walipobanana wakipiga soga, kuliko ndani ya maji. Maji yenye klorini ya kutosha hayana urafiki na kirusi hiki, hilo Shirika la Afya Duniani lilishaliandika tangu 2020. Kila sheria peke yake ni ya mtu mwenye akili. Lakini ukiziweka mbili pamoja, kati ya nchi kavu na maji hakuna mahali pa binadamu kukaa.

Nikasema, "Mzee, basi niivue nikishafika majini."

"Utakuwa umeingia nayo."

"Niivue nikiwa hewani. Naruka, naivua, natua."

Akafungua faili. Sheria ya 4, marufuku kujirusha.

"Naingia huku nimeinyanyua juu kwa mkono."

"Huo mkono ni wa nani?"

"Wangu."

"Wewe uko wapi?"

"Majini."

"Basi mkono wa mtu aliye majini umeshika nini?"

Nawaambia ukweli, hapo nilinyamaza. Nimesoma mpaka nilipofika, lakini swali hilo halikuwahi kutokea kwenye mtihani.

Nikasema niiache juu ya taulo. Sheria ya 11, mkazi haruhusiwi kuacha kitu chake binafsi pembeni ya bwawa, akaniamuru na taulo niliondoe uzioni. Sasa nimeshika taulo. Nikamsihi basi anishikie yeye hiyo barakoa. Mzee aliruka nyuma nikaamini kwamba umri ni namba. "Nishike barakoa uliyoipumulia? Una akili timamu wewe?"

Nyuma yangu watano wenzangu wa zamu wamesimama kila mmoja kwenye duara lake lililochorwa sakafuni, wamejikunyata na taulo zao, hakuna anayesema kitu kwa sababu kila mmoja anajua kesi yangu ndiyo kesi yake. Yule bwana wa ghorofa ya pili akakohoa kidogo, wakamgeukia wote kwa pamoja.

Mzee akampigia simu mwenyekiti. Mwenyekiti hakupokea, alitokea mwenyewe barazani kwake ghorofa ya sita, kwani alikuwa ametuangalia tangu mwanzo. Akapaza sauti, "Msomeeni kwa makini!" Nikasomewa kwa makini. Baraza nyingine zikafunguka. Mtu akauliza kuna nini, mwingine akamjibu kuna mtu anakataa kuvaa barakoa, wa tatu akasema hapana, anakataa kuivua. Watu wakagawanyika. Nami nimesimama katikati na kitambi changu cha karantini, nimejifunga taulo kama mgombea aliyeshindwa.

Ndipo nikasikia sauti dirishani kwetu. Mwanangu mdogo. Anapunga mkono, anataka kunisaidia. "Baba! Imefungwa!"

Hapo ndugu zangu sikucheka. Mtoto huyu alianza kusema tukiwa ndani. Alisema mama, akasema maji, na neno lake la tatu ni hilo: imefungwa. Alijifunza pale kwenye bembea, kila jioni tukipita, anaunyooshea kidole ule utepe wa njano, anasema "imefungwa", tunaendelea na safari. Bembea iko nje, peupe, upepo unapuliza pande zote nne. Mwezi Aprili 2021 wataalamu wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa kule Marekani, walitoa hesabu kwamba ukigusa kitu chenye kirusi, uwezekano wa kuambukizwa kwa mguso huo ni chini ya 1 kwa 10,000. Mwisho wa mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba kirusi hiki husafiri pia kwa hewa, hasa mahali palipojifungia. Na sisi hapa? Mahali palipojifungia ni ukumbi wa mikutano, awamu ya kwanza. Palipo na upepo ni bembea, awamu ya nne, na chuma chake kinapuliziwa dawa kila Jumatatu ingawa hakuna aliyekigusa zaidi ya mwaka. Nani alipanga hivi? Hivi kwenye kamati hakuna hata mmoja mwenye mtoto? Nikayasema yote hayo kwa sauti, nimefunga taulo, kidole kimenyooka juu ghorofa ya sita.

Mzee akanisogelea puani. "Unasemaje?"

Ikabidi nirudie. Mara ya pili hayakuwa na moto.

Saa 4:31 mzee akapata ufumbuzi, na ninampa haki yake, uliokuwa wake mwenyewe. Niitundike barakoa kwenye ncha ya fimbo. Fimbo ina mita 2, kwa hiyo barakoa iko mita 2 kutoka kwake. Atainyoosha fimbo juu ya maji, kwa hiyo barakoa haipo majini. Haiko pembeni, kwa hiyo sheria ya 11 haijavunjwa. Nami nitaingia chini yake. Mwenyekiti akaafiki kutoka juu kwa kidole gumba.

Nikaingia. Mzee kasimama ukingoni kanyoosha fimbo kama mvuvi, barakoa yangu inaning'inia juu ya kichwa changu, nami chini yake ndiye samaki. Nikipiga hatua kulia, anatembea kulia. Nikitaka kwenda kwenye kina, fimbo inafika mwisho, filimbi inalia. Nikachutama, filimbi: nitaifikiaje barakoa nikipatwa na dharura? Kwa hiyo nilisimama. Maji yamefika kiunoni, ya baridi, mazuri, siwezi kuyasingizia. Niliyapigapiga kidogo kwa viganja.

Saa 4:38 filimbi ikalia ya kutoka. Dakika 40 zinaishia 4:40, ila dakika mbili ni za kupangusa ngazi. Wenzangu watano hawakuingia. Fimbo ni moja.

Lifti haipokei mtu aliyelowa, hilo nililijulishwa nikiwa nimeshabonyeza kwa kiwiko, nikazungushwa nyuma kwenye ngazi za dharura. Huko mlango wa mabafu umeachwa wazi, fundi bomba yumo ndani na spana yake, anatayarisha awamu ya tatu. Huyu ndiye mtu pekee leo aliyesema neno la maana. Ananiambia watu wanahangaika na vitasa, lakini mabomba yaliyolala muda mrefu hayaulizwi hali. Maji yakisimama humo yana uvuguvugu, klorini inapotea, bakteria aina ya Legionella wanajizalia. Jina hilo lilitokana na mkutano wa maveterani wa American Legion mjini Philadelphia mwaka 1976, watu walikwenda mkutanoni hotelini wakaugua nimonia isiyojulikana. Na hunywi, unavuta ule ukungu wa maji ya bafu puani. Kwa hiyo lazima kwanza maji yafunguliwe yatiririke, yaliyolala yatoke yote, na wewe kaa kando usiyasimamie. Nikamuuliza kamati imempa siku ngapi. Akasema saa moja.

Wale watano walikuwa wameshafika, taulo zao kavu mabegani, wanachungulia. Mzee naye na fimbo yake, barakoa yangu bado iko nchani, nilikuwa nimeisahau. Tukabanana mlangoni bega kwa bega, maana hakuna aliyewahi kuliona bafu hilo tangu lifungwe. Fundi akafungua koki. Kimya. Akagonga bomba kwa spana mara mbili. Ukutani kitu kikanguruma, kikapanda, kikakwama, halafu bomba likakohoa.

Mita 2. Wote. Na hakuna aliyepimwa.