Haikuwa Chupi, Ilikuwa Kanga

Kwanza niweke sawa: ile nguo iliyotolewa kwenye gari la baba mdogo haikuwa chupi. Najua yule rafiki yangu mwenye mdomo kama spika ya mnadani ameshawaletea ya kwake. Ilikuwa kanga. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, nakuona.

Baba mdogo ana Crown ya mwaka 1989, ile ya injini ya 1G-GZE, silinda 6, yenye supacharja. Huku kwetu Mbeya, juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ile supacharja ndiyo inayolisukumia gari pumzi. Analipenda kuliko anavyotupenda sisi. Jumamosi tunakwenda kwenye mahari Tukuyu, tumetoka Uyole tunapandisha Isyonje, gari likaanza kuhema kama lina pumu. Bodaboda yenye magunia mawili ya viazi ikatupita. Abiria aliyekalia viazi akatupungia mkono. Baba mdogo alinyamaza, na akinyamaza ujue ameumia.

Mahari tulichelewa, tuyaache hayo.

Jumapili nikafungua boneti mimi, mjuaji wa ukoo, mwenye video tano za YouTube kichwani. Nikawasha. Puli ya supacharja inazunguka na mkanda wake, lakini sahani ya katikati imesimama tuli. Nikavua kofia.

"Baba, imekufa. Rota zimekamatana humo ndani. Andaa milioni moja na laki nane, tuagize Dar."

Akampigia simu mnunuzi wa ndama. Ndama mwenyewe ni wa mama mdogo, na mama mdogo akasema hatoki mnyama hapa mpaka aje fundi mwenye mvi.

Akaja mzee mmoja wa Mwanjelwa. Hata koti hakuvua.

"Kijana, hii ina klachi ya sumaku, kama kompresa ya AC. Gari likinguruma tu bila kazi, inaachia. Inashika ukikanyaga mafuta." Akatoa waya kwenye betri, akagusa. KA! Sahani ikashika, supacharja ikaanza kuimba. "Nzima hii. Nani aliosha injini?"

Jamani. Kijasho kilinitoka, na baridi ile ya Mbeya mnaijua.

Niliosha mimi. Wiki mbili nyuma. Na ili maji yasiingie kwenye bomba la kuvutia hewa, nilichomoa tambara kwenye kamba ya nguo nikaziba mdomo wake. Kulitoa... sasa hapo ndipo kumbukumbu ilipogoma.

Mzee akazima gari, akaingiza vidole viwili kwenye lile bomba. Akavuta. Ikatoka ncha nyekundu. Akavuta tena, taratibu, kama anayetoa utumbo wa kuku. Watoto wa mtaa wameshajaa, na wale wa darasa la pili wakiona maandishi lazima wasome kwa sauti:

"MGENI..."

Mzee akavuta.

"...NJOO..."

Nikatazama juu, nikauona mlima Loleza, nikatamani uje.

"...MWENYEJI..."

Hapo ikakwama. Ilikuwa imenyonywa mpaka ndani ya boksi la filta. Mzee akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa mikono miwili, ikachomoka yote na vumbi lake.

"...APONE!" Watoto wakapiga makofi.

Nyuma yangu mama mdogo akasema polepole, "Hiyo si kanga yangu?"

Ile kanga ilikuwa imetafutwa wiki mbili nzima. Jirani alishaambiwa airudishe, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Haya, kifupi: ndama yupo, fundi nimemlipa mimi, kwa jirani nimepeleka sukari kilo mbili na magoti yangu. Crown inapanda Isyonje kama haina akili nzuri, ila mimi sipandi.

Imebaki kanga. Mama mdogo anataka doti mpya, maneno yale yale. Jana nimeingia duka la tatu pale Mwanjelwa, nimetaja tu hayo maneno, yule dada akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Ya kuvaa, kaka, au ya gari?"