Ruti zinavuja kwa sababu tunamwachia mtu mmoja akumbuke kila kitu

Hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, acha nilitoe. Sisi tunaoshika rauta za BGP (lugha ambayo mitandao inaambiana njia za kupitisha trafiki, yani ruti) kwenye ISP ndogo ndogo, kampuni za kuuza intaneti, tukikosea kitu anaumia mteja wetu na anaumia pia mtu wa mbali kabisa ambaye hata hajui kama tupo duniani.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku tunaunganisha apstrimu wa pili, yani kampuni inayotuuzia sisi intaneti, jina silitaji. Apstrimu wa kwanza alikuwa anatupa ruti za intaneti nzima, huyu mpya nae akatupa, nikaona seshen, yani maongezi ya rauta yetu na yake, imepanda, nikashukuru Mungu. Filta ya kutoka kwenda kwa yule mpya, inayochuja ruti gani tumtangazie, nilikuwa nimeiandika vizuri tu kwenye daftari, kwenye rauta sikuiweka. Dakika kama kumi hivi grafu ya linki ikapanda mpaka juu ikalala pale, bapa kama meza, simu za wateja zikaanza kulia na mi nikawa nahangaika na swichi nikidhani kuna lupu, kumbe tumeshamwambia apstrimu wa pili kwamba kila anachotuletea yule wa kwanza kinafikika kupitia kwetu. Nae akakubali. BGP ndo ilivyo, jirani, yani mtandao mliounganishwa nao, akisema njia iko kwangu unamwamini.

Kwa asiyeshinda kwenye haya mambo, chukua nyumba yenye mlango wa mbele unaotazama barabara kubwa na mlango wa uani unaotokea mtaa wa pili. Wewe na wageni wako mnapita humo, hakuna tatizo. Sasa siku mtu akitangaza mji mzima kwamba hapo kwenu kuna njia ya mkato, bodaboda, mikokoteni na malori yote yanaingia uani, nyie hamwezi hata kupika na wao wanakwama hawafiki.

Na haya yanawapata wakubwa pia. Novemba 12, 2018 kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikuwa inafanya maboresho ya mtandao wake, filta zikakosewa, ruti zaidi ya 200 za Google zikavuja kwenda China Telecom na wao wakazisambaza mbele, ikachukua dakika 74 kukaa sawa. Mwaka uliofuata, Juni 24, ISP moja ya Pennsylvania, Marekani, ikampa mteja wake ruti, mteja akazipeleka kwa Verizon, kampuni kubwa ya simu na intaneti ya huko, Verizon wakazipokea bila kuzichuja, na Cloudflare, wanaopitisha trafiki ya tovuti nyingi, peke yao wakati hali ni mbaya zaidi wakapoteza karibu asilimia 15 ya trafiki yao ya dunia nzima. Hapo kwa Verizon ndo naumia zaidi, maana mteja mdogo kukosea ni jambo la kutegemea kabisa, mkubwa ndo anatakiwa awe na mlango.

Ukisema hivi wengi wanajibu weka RPKI, ule mfumo wa vyeti vya umiliki wa namba za IP. Weka, mi naiunga mkono, lakini RPKI inakagua kama aliyetangaza namba ni mwenyewe, na kwenye kile kisa cha MainOne mwenye namba mwishoni mwa njia alibaki kuwa Google yule yule, kwa hiyo cheti kinasoma sawa na trafiki inazama.

Dawa iliyolenga ugonjwa wenyewe ni RFC 9234, kiwango cha kiufundi cha intaneti cha Mei 2022. Kila upande unatamka uhusiano wakati seshen inafunguliwa, mi ni mteja, wewe ni apstrimu, au sisi ni wenza. Mmoja akisema mteja na mwingine nae akasema mteja, seshen inakataa kupanda, basi, kosa limeonekana saa hiyo hiyo. Alafu ruti inayoshuka kutoka kwa apstrimu inapigwa alama inayoitwa OTC, maana yake hii inashuka kwa wateja tu, ikionekana inapanda kutoka kwa mteja imevuja na inatupwa. Kitu nilichokipenda sana ni kwamba ile alama inasafiri na ruti hata ikipita kwenye rauta ya zamani isiyoielewa. Yani ule usiku wangu, apstrimu wa kwanza angekuwa anaipiga na wa pili anaikagua, kosa langu lingeishia mlangoni kwa yule wa pili, na rauta yangu kuukuu ingebaki kama ilivyo.

Na programu za rauta zinazoiweza zipo, za bure kabisa. FRR, BIRD, OpenBGPD, wote watatu wanayo tangu mwaka ule ule 2022. Kwenye FRR ni mstari mmoja tu kwa kila jirani, local-role customer, ukiongeza strict-mode mwisho inamlazimisha na jirani nae atamke.

Ila kuna tabia moja naomba tuiache. FRR kwa kawaida yake inakataa kupokea wala kutuma ruti kwa jirani wa nje kama hujamwekea filta, ukiangalia summary, ule muhtasari wa majirani, unaona neno Policy pale zilipotakiwa kukaa namba za ruti. Sasa mtu akiliona hilo neno anatafuta mtandaoni, anakuta mahali wameandika zima kwa no bgp ebgp-requires-policy, anapesti, ruti zinamwagika, anafurahi anaenda kulala. Jamani huo ulinzi wa FRR umekuzuia makusudi! Ulikuwa unasubiri uandike filta, na ungekuwepo kwenye rauta yangu ile usiku ule hata mteja mmoja asingepiga simu.

Kwa wanaonunua rauta za kampuni, mi nasema swali la RFC 9234 liingie kwenye tenda kabla ya bei, na muuzaji akisema inakuja toleo lijalo aandike toleo gani. Wauzaji wanatengeneza kile ambacho wateja wanakidai, na sisi miaka yote tumekuwa tunadai kasi ya poti tu.

Huku kwetu tumeshaiwasha kwenye majirani wote bila strict-mode kwanza, nikawaandikia apstrimu wetu wawili. Mmoja kajibu anaijaribu kwenye maabara yao, mwingine wiki ya pili hii kimya. Jumatatu nampigia.