Makhan Singh na hesabu ya miaka 11

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni mjini Nairobi, Kalasinga mmoja wa miaka 36 alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha kisiasa cha Waafrika wa Kenya, na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akasema jambo ambalo wakubwa wa pande zote mbili walikuwa bado wanalizunguka. Wenzake walikuwa wakipinga mipango ya walowezi. Yeye akataka azimio liongezwe maneno: dawa ya yote haya ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, hakuna aliyekuwa amelitamka hivyo hadharani Kenya kabla yake. Wiki tatu baadaye Makhan Singh alikamatwa. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Wanaompunguza hawakosi hoja, na si hoja za kutupwa. Iliyo nzito kuliko zote ni ya unga wa nyumbani: alichokianzisha hakikudumu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la EATUC, lililozaliwa Mei Mosi ya 1949 Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu, halikuona hata miaka miwili ya uhai wa kweli. Serikali ilikataa kuliandikisha. Wawili hao walipokamatwa tarehe 15 Mei 1950, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kesho yake, na mgomo ukaenea hadi miji mingine. Magari ya deraya na gesi ya kutoa machozi vikaingia mitaani, na kwa zaidi ya wiki moja shughuli za mji zikakwama. Kisha mgomo ukaisha, mamia wakiwa wamekamatwa, na shirikisho likabaki jina tu.

Mtazame Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyemfuata, wanasema. Mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, vyama vya kitaifa vya Waafrika vikiwa vimepigwa marufuku, Mboya alikwenda Mombasa kwenye mgomo wa makuli wa bandarini, akawashawishi warudi kazini wakati shauri lao linasikilizwa, na baraza la usuluhishi likawapa nyongeza ya asilimia 33. Hiyo ni pesa iliyoingia mfukoni mwa kuli. Mboya alijua mpaka wa sheria umepita wapi na alisimama hatua moja ndani yake, na kwa kusimama pale shirikisho lake la KFL likaendelea kupumua wakati kila kitu kingine kimezibwa mdomo. Mtu mwenye watoto wa kulisha ana haki kabisa ya kuuliza ni ujasiri wa nani uliomfaa zaidi.

Halafu kuna Ukomunisti. Makhan Singh hakuuficha, hata mbele ya mahakama. Walowezi walikuwa wakitafuta neno moja la kuwatisha wakubwa wa London, naye akawakabidhi. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kumwambia yeyote kwamba mfanyakazi wa Pumwani, mtaa wa Waafrika Nairobi, anayedai mshahara wa Sh 100 kwa mwezi hadai chakula, ametumwa na Moscow.

Na lipo lingine, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: alikuwa Mhindi. Katika ngazi ile ya rangi ambayo koloni ilijengwa juu yake, Mzungu alilipwa cha juu, Mhindi cha katikati, Mwafrika cha chini, hata kazi ikiwa ni ileile. Katika kumbukumbu za familia nyingi, Mhindi ni yule aliyekaa nyuma ya kaunta na daftari la madeni. Nimekua nikiisikia kinyongo hiyo, na siwezi kusema haina mizizi. Kwa hiyo anapotajwa Kalasinga kuwa miongoni mwa waanzilishi wa uhuru, wapo wanaohisi kwamba wanaombwa kumshukuru tajiri wao.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani hapo ndipo anapoeleweka vibaya kuliko mahali pengine popote.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kuletwa Nairobi mwaka 1927, baba yake, Sudh Singh, akiwa fundi wa reli aliyekuja kufungua kiwanda cha uchapishaji. Kijana alifanya kazi hapo kiwandani, akijua kupanga herufi na kutoa vikaratasi. Mwaka 1935 alipokabidhiwa ukatibu wa chama cha wafanyakazi kilichokuwa cha Wahindi, jambo la kwanza kubwa lililofanyika lilikuwa kubadili jina. Chama kikaacha kuitwa cha Wahindi, kikawa cha wafanyakazi wa Kenya, mlango wazi kwa kila rangi, na baadaye cha Afrika Mashariki nzima. Leo hilo linasomeka kama jambo la ofisini, kubadilisha barua na muhuri. Lakini fikiria Nairobi ya 1935. Mtaa wa kuishi ulikuwa na rangi, hospitali ina rangi, shule ina rangi, behewa la treni lina rangi. Mwanamume Mwafrika hakutembea bila kipande, cheti cha utambulisho, shingoni. Katika mji huo, fundi Mhindi aliyekuwa akipata zaidi ya Mwafrika anaamua kwamba haki yake ataidai chini ya jina moja na yule aliye chini yake. Alikuwa na kila sababu ya kutofanya hivyo. Nafuu yake ndogo ilitokana na mgawanyiko uleule aliokuwa anaubomoa.

Mwaka 1937 chama hicho kiligoma kwa karibu miezi miwili. Dhidi ya nani? Kwa sehemu kubwa dhidi ya wakandarasi wa Kihindi wa Nairobi, watu ambao huenda walisali gurdwara moja, hekalu la Makalasinga, na baba yake, na kumkaribisha chai nyumbani kwao. Waajiri wakakubali nyongeza ya mshahara. Anayesema Makhan Singh alikuwa upande wa mwenye duka hajaisoma 1937. Bepari wa kwanza aliyepambana naye alikuwa wa jamii yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye hesabu, maana kila nikiitazama inanisumbua. Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuachiliwa Agosti 1961: miaka minane na miezi kumi. Makhan Singh, Mei 1950 hadi Oktoba 1961: miaka 11 na miezi mitano. Wakati Kenyatta na wenzake walioshtakiwa naye Kapenguria wanapelekwa Lokitaung, kule Turkana kwenye jua lisilo na huruma, mahali hapo palikuwa pameshamzoea Makhan Singh, ambaye ndiko alikoanzia kabla ya kuhamishiwa Maralal na Dol Dol. Hata jaji ni yuleyule. Ransley Thacker, aliyesikiliza shauri la Makhan Singh kule Nyeri mwaka 1950, ndiye aliyemhukumu Kenyatta mwaka 1953.

Lakini Kenyatta alihukumiwa miaka saba. Hukumu ile ilikuwa ya dhuluma, ila ilikuwa na mwisho ulioandikwa. Agizo la gavana la kumweka Makhan Singh kizuizini halikuandikwa mwisho wowote. Mtu anayejua siku yake ya kutoka anaweza kuchora mistari ukutani. Yeye hakuwa na mstari wa mwisho wa kuufikia.

Na tazama tarehe kwa makini zaidi. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, miaka miwili na miezi mitano baada ya kukamatwa kwake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumsingizia kwamba aliongoza Mau Mau. Ikaondolewa rasmi Januari 1960. Kambi zikawa zinafungwa, maelfu wakirudi kwao. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House, London, wa kujadili katiba ya Kenya ukafanyika, uchaguzi wa Februari 1961 ukafanyika, Kenyatta akaachiliwa Agosti. Makhan Singh bado yuko kizuizini. Zaidi ya miezi 20 baada ya Hali ya Hatari kwisha, serikali iliyokwisha kukubali kwamba inaondoka bado ilikuwa inamshikilia mtu ambaye hakuwa na jeshi wala ukoo wa kumpigia kura, na ambaye siku zote angeweza kutoka kwa kukubali tu kupanda meli kwenda India. Njia hiyo ilikuwa wazi kwake. Aliikataa. India aliyokuwa akiambiwa arudi ilikuwa nchi ambako tayari alikuwa amewekwa kizuizini: alipokwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1930, Waingereza walimkamata mwaka 1940 na hakuwa huru hadi 1945. Ukijumlisha zote mbili, kati ya umri wa miaka 26 na 47 alikuwa mtu huru kwa takriban miaka mitano tu.

Kwa nini hofu kubwa hivyo? Jibu la Ukomunisti halinitoshi. Ukomunisti ulikuwa fimbo nzuri ya London, lakini nani kati ya waliomsikiliza Kaloleni alikuja kwa ajili ya Karl Marx? Ninavyoona, koloni ile ilikuwa na nguzo moja iliyobeba paa lote, nayo ni kwamba Mhindi na Mwafrika kila mmoja amwone mwenzake kuwa ndiye tatizo. Mhindi aogope kushuka ngazi, Mwafrika amchukie aliye juu yake kwa ngazi moja, na aliye juu kabisa asitazamwe na yeyote. Wanasiasa wa Kiafrika walidai haki ya Waafrika, wa Kihindi wakadai viti vya Wahindi, na serikali iliweza kukaa na kila kundi kivyake na kulipa kidogo. Makhan Singh na Kubai walikuja na chama ambacho hakingeweza kugawanywa hivyo. Machi 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe na ugeni wa kifalme, EATUC iliwaambia watu wasusie, kwa sababu jiji hilo lilikuwa na matajiri wachache na watu wengi wasio na pa kulala. Wito huo mmoja ulisikika Ngara, mtaa wa Wahindi, na ukasikika Pumwani. Hicho ndicho walichokifungia jangwani kwa miaka 11.

Tukiiona hivyo, hoja ya unga nayo inabadilika sura, ingawa haiondoki. Nyongeza ya Mombasa ni ya kweli na Mboya anastahili heshima yake. Lakini Mboya mwenyewe, miaka ya mwisho ya 1950, aliwaongoza watu wa Nairobi kwa mwito wa "Uhuru sasa". Neno lililokuwa la kumfungisha mtu mwaka 1950 lilikuwa limekuwa salamu ya mitaani. Lilifikaje huko kama hapakuwa na aliyelisema mapema na kulilipia? Na vyama vilivyookolewa kwa busara vilifika wapi? Mwaka 1965 mashirikisho yalivunjwa na kuundwa COTU, shirikisho moja la vyama vyote vya wafanyakazi, Rais wa nchi akiwa na sauti katika uteuzi wa Katibu Mkuu wake. Chama kilichojifunza kusimama ndani ya mpaka wa serikali ya mkoloni kiliendelea kusimama ndani ya mpaka wa serikali iliyofuata. Sidai kwamba njia ya Makhan Singh ingezaa kingine. Hakupewa nafasi ya kujaribu.

Alitoka Oktoba 1961 akitarajia kazi, akajiunga na KANU, chama cha Kenyatta, na hakupewa wadhifa wowote serikalini. Mtu wa karibu naye kimsimamo, mwanasiasa Mkenya mwenye asili ya Goa, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965. Makhan Singh akakaa kimya kwenye makaratasi, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, kitabu kilichotoka mwaka 1969, na ndani yake anawataja wenzake kuliko anavyojitaja. Alifariki Mei 1973, akiwa na miaka 59. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia sasa ni kabila la 44, na wengi walifurahi, nami sikuwalaumu. Ila nilijiuliza yeye angesema nini, mtu ambaye mwaka 1935 alilifuta neno "Wahindi" kwenye jina la chama chake.

Nikiulizwa na vijana tuanzie wapi kumfahamu, huwa nawataja wagomaji wa Mei 1950, wengi wao Waafrika, watu wa kipande, na madai yao. Mshahara wa kima cha chini ulikuwamo. Kuachiliwa kwa Fred Kubai kulikuwamo. Kuachiliwa kwa Chege Kibachia, aliyeongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1947 na kupelekwa mbali na bahari, kulikuwamo. Na katikati ya hayo, watu waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko Mhindi yeyote mjini, gesi ikiwa machoni, walikuwa wanamdai Kalasinga wao.